Ruzuku ya Nyumba ya Milango Miwili

Glace Bay, mji wa zamani wa machimbo ya makaa ya mawe, wamejaa akina MacDonald na akina Gouthro hata jina la ukoo halitoshi kumjua mtu. Lazima ubandikwe jina jingine, na ukishabandikwa halibanduki. Kuna Joe wa Saa, kuna Annie Viatu, kuna familia nzima inayoitwa Siagi na hakuna anayekumbuka sababu. Rhodena Gouthro yeye aliitwa Rhodena wa Boila, na jina hilo hakupewa bure.

Alianza kazi shule ya msingi akiwa mfagiaji wa miaka ishirini na sita. Mumewe alikuwa amekwenda Alberta kutafuta kazi, na huko akasahau njia ya kurudi. Mzee aliyetunza boila ya kupasha shule joto akaugua ghafla Januari moja, theluji imefika madirishani, na mwalimu mkuu akabaki anazunguka kama kuku asiyejua pa kutagia. Rhodena akaweka ufagio chini, akashuka ngazi, akafungua valvu moja, akafunga nyingine, akaiwasha. Miaka mitatu alikuwa amemtazama yule mzee bila kuuliza swali hata moja.

"Nani kakuruhusu?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Watoto wanatetemeka, mwalimu. Unataka niizime?"

Hakuizima. Lakini sheria ni sheria, boila haiendeshwi bila cheti. Basi Rhodena akasoma masomo ya jioni miaka miwili, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wanne, akafaulu, na cheti chake akakitundika pale chini penyewe, ukutani, juu ya mabomba. Kwa miaka ishirini na tisa watoto wa Glace Bay walivua makoti yao darasani kwa sababu yake. Alipostaafu shule ilimpa keki yenye umbo la boila. Mtu aliyesikia akidhani ni mzaha, Rhodena alimtolea picha.

Ajabu ni kwamba kwake mwenyewe kulikuwa baridi kama kaburini.

Nyumba ilikuwa ya kampuni, yaani moja ya zile zilizojengwa na kampuni ya makaa ya mawe zaidi ya miaka mia iliyopita kwa ajili ya wachimbaji: nyumba pacha, milango miwili, ukuta mmoja katikati, familia moja huku na nyingine kule. Babu yake Rhodena aliipanga, baba yake, Murdoch, akainunua nusu yao siku kampuni ilipoamua kuuza. Kuanzia Desemba hadi Aprili Rhodena aliishi jikoni. Sebule aliifunga, vyumba vya juu alipanda kwenda kulala tu, amevaa soksi mbili na kofia. Misumari iliyotokeza ndani ya kabati la nguo iliota barafu nyeupe vichwani. Paka aliposhuka chini asubuhi alipiga chafya.

"Mtu wa boila!" dada yake alimcheka kwa simu kutoka Halifax. "Umepasha moto mji mzima, wewe unalala na kofia!"

"Kofia nzuri hii, nimeifuma mwenyewe," Rhodena alijibu, lakini neno lile lilimchoma.

Nusu ya pili ya nyumba ilikuwa ya Casimir Boruta, ambaye wote walimwita Cas, mchimbaji mstaafu wa miaka sabini na minne, mtoto wa Wapolandi waliokuja kufanya kazi migodini. Yeye na Rhodena walikuwa hawajasemezana kwa miaka tisa. Chanzo kilikuwa rangi. Cas alipaka nusu yake kijani, kijani cha supu ya njegere, na alipofika katikati akavuka mpaka kwa upana wa kiganja. Rhodena akamwambia arudi kwake. Cas akasema brashi haina macho. Hapo ndipo maneno yalipoishia.

Sasa, majira fulani ya baridi, fundi wa mafuta alishuka kukagua tanuri na tangi lililokaa chini ya nyumba ya Rhodena, akapanda juu akiwa amekunja uso.

"Bi Rhodena, tangi limeoza. Siwezi kulijaza tena. Likipasuka, mafuta yataingia ardhini na hutaishi humu."

"Nikinunua jipya?"

Fundi alitaja bei. Rhodena alimshukuru, akamfungulia mlango, kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni bila hata kuvua aproni. Pensheni ya shule ilitosha chakula na umeme. Haikutosha tangi.

Jumapili ile, baada ya misa, padri alisoma tangazo. Serikali inatoa ruzuku kwa wenye nyumba kuukuu na kipato kidogo: tanuri la mafuta liondoke, pampu ya joto inayotumia umeme iwekwe, kuta na dari zijazwe vitu vya kuhifadhi joto, na mwenye nyumba asilipe. Watu walitazamana. Wengine waligunaguna kwamba lazima kuna mtego. Rhodena alitoa kalamu na kuandika namba ya simu nyuma ya bahasha ya sadaka.

Baada ya wiki tatu akaja mkaguzi wa nishati, mwanamke kijana kutoka Eskasoni aitwaye Noella Denny, amebeba feni kubwa kama gurudumu la trekta. Aliifunga kwenye mlango wa mbele kwa kitambaa chekundu, akafunga madirisha yote, akaiwasha. Feni ikaanza kunyonya hewa ya ndani kuitupa nje, na nyumba nzima ikaanza kupiga miluzi. Pazia za sebuleni zikacheza. Kwenye soketi za umeme ukatoka upepo wa kuzima mshumaa.

Noella alisoma namba kwenye kifaa chake, akakigonga, akasoma tena.

"Mama, nimepima nyumba zaidi ya mia tatu."

"Na hii?"

"Hii ndiyo mbovu kuliko zote."

Rhodena alisimama wima. "Umesemaje?"

"Usinielewe vibaya, mama. Lakini ukikusanya matundu yote ya nyumba hii, ni kama umefungua dirisha la sebule na kuliacha wazi mwaka mzima."

"Mimi?" Rhodena alijigonga kifuani. "Binti, unajua mimi ni nani hapa mjini?"

Noella hakujua, naye akaambiwa: cheti, keki, miaka ishirini na tisa. Alisikiliza yote, akanywa chai, akala biskuti mbili za oti, kisha akapanda ngazi kuchungulia darini. Aliposhuka alikuwa na vumbi kichwani na habari mbaya.

"Dari yenu ni moja. Ukuta wa katikati umeishia chini, juu hakuna kitu. Joto lako linapanda, linahamia upande wa jirani, halafu linatokea kwenye paa lake. Tukijaza upande wako peke yake tutakuwa tumefanya kazi bure. Lazima na yeye aombe."

Rhodena alitazama juu. Kisha akacheka kicheko kisicho na furaha. "Yaani miaka yote hii nimekuwa nampasha moto Cas Boruta!"

Siku mbili alizunguka na jambo hilo. Siku ya tatu akavaa koti lake la kanisani, akatoka kwa mlango wake, akatembea hatua kumi na moja na kubisha mlango wa pili.

Cas alifungua nusu. Alikuwa amevaa sweta mbili na shali shingoni.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hajafa mtu. Niingie?"

"Miaka tisa, leo unataka kuingia."

"Baridi inaingia hata usiponikaribisha mimi, Cas. Sogea."

Alimweleza yote wamesimama jikoni, ambako Cas naye alikuwa amehamishia maisha yake: kochi, redio, ndoo ya makaa. Alipomaliza, Cas alitikisa kichwa.

"Sijawahi kuomba kitu serikalini. Baba hakuomba. Sianzi leo."

"Si kuomba."

"Unajaza karatasi ya kusema wewe maskini, unapewa. Hiyo inaitwaje, kama si kuomba?"

Rhodena alihisi damu inapanda, lakini alimtazama vizuri na kuona vidole vyake, vyeusi kwenye mikunjo kwa makaa ambayo sabuni haikuyatoa tena. "Cas, ulichimba makaa chini ya bahari miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

"Makaa uliyochimba yalikwenda wapi?"

"Montreal. Toronto. Nitajuaje? Mimi nilikuwa chini."

"Yalipasha moto bunge, hospitali, watu usiowajua majina. Hao walikuona ombaomba? Na kodi waliyokukata kila Ijumaa, walikuuliza kama unapenda? Hii ni zamu yako kupashwa moto, wewe mwanamume mbishi!"

Cas aligeukia dirishani. Akasema kwa sauti ya chini, "Iache hiyo fomu hapo. Nitaitazama. Macho yangu siku hizi mabaya."

Rhodena aliiangalia meza. Gazeti halikuwepo, kitabu hakikuwepo, barua tatu za shirika la umeme zilikuwa hazijafunguliwa. Akakumbuka kwamba Cas aliingia mgodini akiwa na miaka kumi na tano, na kabla ya hapo alikuwa anabaki nyumbani kila mama yake alipougua, na mama yake aliugua sana. Alielewa kwamba tatizo si macho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Rhodena wa Boila alimeza maneno yaliyokuwa tayari mdomoni.

Akavuta kiti, akakaa. "Fomu yenyewe imeandikwa na mwehu," alisema. "Mimi nimesoma mpaka nikapata cheti, nusu yake sijaielewa. Sikiliza upuuzi huu." Akaanza kumsomea. "'Je, bahasha ya jengo imewahi kuboreshwa?' Bahasha! Wanafikiri tunaishi kwenye posta."

Cas alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. "Wanamaanisha nini?"

"Kuta. Umewahi kuziba kuta?"

"Niliziba dirisha la choo kwa suruali, mwaka ule wa kimbunga."

"Naandika hapana."

Walikwenda hivyo swali baada ya swali, yeye akisoma na kutukana, Cas akijibu, hadi chai ikaisha mara mbili. Walipofika mwisho, Rhodena alimpa kalamu. Cas akatia sahihi taratibu, herufi kubwa zenye mikia mizuri, sahihi ya mtu aliyetia saini kila wiki kupokea mshahara wake na kutaka ionekane. Rhodena aliitazama akasema, "Umenipita kwa mwandiko," na hakuwa anatania.

Majibu yalikuja baada ya mwezi. Bahasha moja, si mbili. Ofisi ilisema jengo ni moja, kwa hiyo ruzuku ni moja, na ombi la Bwana Boruta limekataliwa.

Rhodena alipiga simu saa tatu asubuhi. Muziki wa kusubiri ulicheza, ukarudia, ukacheza tena. Alikanda unga wa mkate simu ikiwa begani. Unga ulipoumuka kwa mara ya kwanza ndipo mtu alipopokea, kijana mwenye sauti ya upole.

"Mama, mfumo unaonyesha jengo moja."

"Mfumo umewahi kufika Glace Bay?"

"Hapana, mama."

"Basi nisikilize mimi niliyefika. Kuna milango miwili. Mita mbili za umeme. Namba mbili za nyumba. Hati mbili. Kodi ya manispaa inakuja mara mbili, na hapo hawajawahi kusema jengo ni moja. Upande mmoja mweupe, mwingine una rangi ya supu. Nikutumie picha?"

Kijana alijizuia kucheka akashindwa. "Nitumie, mama. Na hati zote mbili."

"Na kama jirani yangu amekataliwa kwa kosa hili, wako wangapi wengine? Nyumba pacha ziko mtaa mzima hapa, mitaa yote."

"Sijui, mama. Ngoja nimuulize mkubwa wangu."

Alimuuliza. Picha zilikwenda, hati zikaenda, na baada ya siku kumi na mbili barua ya pili ikaja, na ndani yake mstari mmoja ambao Rhodena aliusoma akiwa amesimama kwenye sanduku la posta, mvua inamnyeshea: kuanzia sasa nyumba pacha zenye hati tofauti zitahesabiwa kila moja peke yake. Aliusoma tena kwa sauti. Akagonga mlango wa Cas bila kusubiri ufunguliwe, akaingia na kumsomea mara ya tatu.

"Wamebadilisha kwa ajili yetu?" Cas aliuliza.

"Kwa ajili ya nyumba yako ya njegere," Rhodena alisema.

Mafundi walikuja Juni. Walipobandua mbao za nje kuingiza mipira ya kupulizia nyuzi za karatasi za kuhifadhi joto, waliona mle ukutani vitu vya miaka mia. Nyasi za baharini zilizokauka, zimeshindiliwa kwa mkono. Magazeti yenye matangazo ya viatu vya dola mbili. Magunia ya unga. Na karibu na dirisha la chumba alichozaliwa Rhodena, mabaki ya koti la mchimbaji, limekunjwa vizuri na kupigiliwa misumari midogo sawasawa, msumari kwa msumari.

Fundi mmoja alitaka kulitupa. Rhodena akamzuia. Alilijua koti lile kwa kusimuliwa tu; mama yake alilitafuta majira ya baridi mazima akidhani limeibwa. Rhodena alikuwa mchanga wakati huo, kifua kinambana, na Murdoch baba yake alikwenda kazini na shati mpaka majira ya kuchipua, akasema baridi haimpati. Rhodena alibaki amelishika, na fundi, mtu mzima mwenye tumbo, akavua kofia yake bila kuambiwa.

"Alijua kazi, huyu," fundi alisema. "Misumari imenyooka."

"Alikuwa hana kitu kingine cha kuweka," Rhodena alisema. "Endelea, mwanangu. Jaza. Jaza mpaka juu."

Dari ilijazwa hadi kiuno cha mtu, pande zote mbili, na katikati wakajenga ukuta. Tangi bovu likakatwa vipande na kutolewa. Pampu mbili za joto zikafungwa nyuma ya nyumba, bega kwa bega kama wazee kwenye benchi. Noella akarudi na feni yake. Akaiwasha. Nyumba haikupiga mluzi. Pazia zilining'inia tu.

"Zamani nyumba ilikuwa inabadilisha hewa yote mara kumi na nane kwa saa," Noella alisema. "Sasa mara nne." Akatabasamu. "Mama, nimepima nyumba zaidi ya mia tatu na hamsini."

"Na hii?"

"Sijaona iliyobadilika hivi."

"Andika," Rhodena alisema. "Andika na jina la mtaa."

Habari za barua ile zilienea haraka, maana Glace Bay siri haikai. Watu waliokataliwa walianza kugonga mlango wa Rhodena na bahasha zao mkononi. Wengine walikuja wamejikunyata kwa aibu, wakisema wanaulizia kwa niaba ya binamu. Rhodena hakumuuliza mtu binamu yupi. Aliomba meza kwenye ukumbi wa kanisa kila Jumanne, akaweka birika, na akamweka Cas mlangoni kuwapokea. Cas ndiye aliyewalainisha wanaume. Mchimbaji mstaafu akianza kusema yeye si ombaomba, Cas alimshika mkono na kumwambia, "Hata mimi nilisema hivyo, nikawa naganda kama samaki. Kaa chini, Rhodena atakusomea. Fomu imeandikwa na mwehu." Na mtu alikaa, asijue kwamba aliyemkaribisha alikuwa hajaisoma mwenyewe. Ingawa kufikia Krismasi, Cas alikuwa ameanza kuisoma. Rhodena alimfundisha hizohizo fomu, neno kwa neno, na maneno ya kwanza marefu aliyoyasoma bila msaada yalikuwa "ruzuku ya ukarabati".

Nyumba arobaini na tatu zilikubaliwa mwaka ule. Rhodena alizijua zote kwa namba, na akipita mtaani Januari alitazama mapaa: theluji ikibaki juu ya paa bila kuyeyuka, joto limebaki ndani. Alihesabu mapaa meupe kama mwalimu anavyohesabu watoto waliofaulu.

Februari kikaja kimbunga cha theluji kilichoangusha nguzo za umeme kutoka mji jirani wa Sydney hadi Port Morien. Umeme ukakatika mtaa wote, na pampu za joto zikanyamaza. Waliokuwa wamezikejeli wakapata la kusema. Zamani tanuri likizimika, nyumba ya Rhodena iliganda ndani ya saa mbili. Safari hii alikaa jikoni akiangalia kipimajoto ukutani kama alivyokuwa akiangalia geji za shule. Nyuzi ishirini na moja. Baada ya chakula cha mchana, ishirini. Asubuhi ya pili, theluji imefunika madirisha ya chini, umeme bado haujarudi: kumi na sita.

Saa nne ya asubuhi ile Cas alichimba njia kwa koleo kutoka mlango wake hadi wa Rhodena, akaja na shati la mikono mifupi, makusudi kabisa, ili aonekane.

"Kwangu kumi na sita na nusu," alisema.

"Mwongo."

"Njoo upime."

Nyuma yake walikuja majirani ambao nyumba zao zilikuwa bado kwenye foleni: bibi wa namba kumi na tisa na mtungi wake wa supu, mke na mume na mtoto mchanga wa namba thelathini. Rhodena aliwafungulia wote, akawaambia waingie upesi wafunge mlango. Mama wa mtoto alisimama jikoni kwa muda, akasikiliza upepo unaovuma nje bila kuingia, kisha akamfungua mwanawe blanketi ya kwanza, halafu ya pili. Mtoto akanyoosha miguu.

Bibi wa namba kumi na tisa akatoa karata za tarabish, mchezo wa wachimbaji wa pale. Cas akagawa. Rhodena akatazama kipimajoto mara moja tena, akavua sweta yake, akaitundika nyuma ya kiti, akakaa kucheza.